Hatua Tatu za Staha

Jinsi Singano alivyofika nchi ya Staha si ya kusimulia. Ukimuuliza atakwambia alipanda, akashuka, akafika, na ukizidi kumdadisi atakuuliza kama unataka habari za safari au habari za nchi. Kilichompeleka ni barua ya dada yake Kibibi, aliyeolewa huko zaidi ya miaka ishirini. Barua ilikuwa ya mistari miwili: "Shemeji yako Mbwana anaumwa. Njoo na spana zako."

Singano alikuwa fundi baiskeli wa Tanga, mtu wa miaka hamsini kasoro mbili, asiyejua kupaka maneno asali. Shule aliiacha darasa la tano, siku alipomwona mwalimu wa hesabu akikokota baiskeli maili nzima kwa sababu mnyororo umeruka na hajui kuurudisha. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kitu kikiharibika hutengenezwa, na anayekaa kukizungumzia ni yule asiyejua kukitengeneza. Imani hiyo ilimfaa sana kwao. Staha ilimtoa jasho.

Magari hakuna Staha. Waliyapiga marufuku zamani kwa sababu ya honi, maana kwa watu wale kumpigia mtu honi ni sawa na kumkaripia mzee wa watu ambaye hajakukosea. Wao husafiri kwa baiskeli, na mizigo hubebwa na guta, yale matoroli ya magurudumu matatu yanayoendeshwa kwa pedali. Mji wao mkuu umegawanywa katika halmashauri, na kila halmashauri ina njia yake ya baiskeli inayoitunza yenyewe.

Na wanaitunza kweli. Singano alipoiona njia ya Halmashauri ya Tulivuni, mtaa aliokaa dada yake, alishuka kwenye guta la Kibibi akachuchumaa kuipapasa kwa kiganja. Ilikuwa ya vigae vyekundu, pana, laini kama sinia la shaba. Ilifagiliwa asubuhi na jioni. Kando yake ilipandwa asumini. Kila baada ya hatua mia palikuwa na kibao: NJIA HII HUTUNZWA NA HALMASHAURI YA TULIVUNI. KARIBU, TELEZA. Mtu aliyeishi miaka thelathini akinyoosha rimu zilizopindwa na mashimo alikaribia kulia.

"Mafundi wa huku wanakula nini, dada?" aliuliza.

"Panda twende," alisema Kibibi. "Watu wanatuangalia."

Nyumbani alimkuta Mbwana ameketi barazani, miguu juu ya kigoda. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, aliyewahi kuoka mikate ya mtaa mzima. Sasa miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na uso umekuwa wa rangi ya majivu.

"Shemeji," alisema Mbwana, "usinitazame hivyo. Mimi ni unga uliotiwa hamira nyingi, basi."

Ndipo Singano alipoelezwa. Figo za Mbwana zilikuwa zimegoma. Kila Jumanne na Ijumaa ilibidi aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo ilikuwa hospitali ya Pembetatu, halmashauri jirani, mwendo wa dakika ishirini kwa guta. Kibibi alimpeleka mwaka mzima. Ijumaa iliyopita hawakufika. Nesi alituma salamu: mkikosa na Jumanne, mimi sitakuwa na la kuwaambia.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

"Guta limeharibika?" aliuliza Singano, mkono tayari umo kwenye mfuko wa spana.

"Guta zima," alisema Kibibi. "Shimo."

Wakaenda kulitazama. Ile njia nzuri ilikwenda ikinyooka baina ya ukuta wa kiwanda cha sabuni na mfereji wa maji machafu, asumini huku na huku, mpaka ikakatika ghafla kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Mbele palikuwa na shimo la hatua sita, lenye kina cha kiuno, chini tope. Upande wa pili wa shimo ilianza njia nyingine, ya bluu, laini vilevile, na kibao: NJIA HII HUTUNZWA NA HALMASHAURI YA PEMBETATU. KARIBU, SEREREKA. Kando ya ukuta ulibaki ukingo usiozidi unyayo mmoja. Watu walipanga foleni pale, baiskeli mabegani, wakipita kiubavuubavu kama kaa. Hakuna aliyenung'unika. Kila mmoja alipofika katikati alitazama mbinguni, asije akaonekana ameliona shimo.

"Mpaka uko wapi?" aliuliza Singano.

"Katikati ya shimo."

"Sasa mbona hawa wameishia hapa na wale wameishia pale?"

"Heshima," alisema Kibibi, naye akashusha pumzi. "Zamani mfagiaji wa Tulivuni alipitiliza. Ufagio wake ukavuka mpaka shubiri moja, ukafagia kwa wenzetu. Pembetatu wakaona wameambiwa ni wachafu. Miaka kumi na moja hatukuozana, hatukuzikana. Ndipo ikatungwa sheria ya hatua tatu za staha. Kila halmashauri inaacha hatua tatu kabla ya mpaka, isimguse jirani. Tatu zetu na tatu zao."

"Na hizo sita anazitunza nani?"

"Ndiyo ujionee."

Zamani, alieleza, palikuwa na vumbi tu, guta linapita kwa kusukumwa. Mvua za mwaka huu zimepachimba. Mbwana hawezi kusimama, na kumbeba mgongoni kwenye ukingo ule ni kumtupa.

"Kuna kivuko kingine?"

"Vipo vinne. Vyote vina staha."

* * *

Jumatatu asubuhi Singano alikwenda ofisi ya Halmashauri ya Tulivuni. Alipokewa na Bwana Chiduo, Afisa Ushirikiano, mtu mwembamba mwenye kofia ya mkono iliyofumwa vizuri. Aliletewa kahawa na kashata. Akaulizwa hali ya kwao, ya majirani wa kwao, na ya mvua za kwao. Kahawa ilipopoa, Singano aliona yamemtosha.

"Bwana Chiduo, shimo lile la mpakani ni la nani?"

Chiduo alitabasamu kama aliyeulizwa umri wa mama yake mbele ya wageni. "Kwenu huwa mnauliza 'la nani' waziwazi hivyo?"

"Kwetu hata hatuulizi. Tunaliingia."

"Basi nikujibu kama mgeni. Si letu. Nusu yake iko kwetu, hilo sikatai. Lakini nusu ya shimo si shimo, ni mteremko. Ili liwe shimo lazima uongeze na nusu ya wenzetu, na ya wenzetu siwezi kuisemea."

Singano alilifikiria jambo hilo, akaliacha. "Fukieni huo mteremko wenu."

"Tukifukia upande wetu, upande wao utabaki umeachama. Kila apitaye atasema, kumbe Pembetatu wana shimo. Tutakuwa tumewaumbua."

"Wao wafukie wao kwanza."

"Watatuumbua sisi. Hawawezi. Ni watu waungwana sana."

"Fukieni pamoja! Siku moja, saa moja!"

"Wazo zuri," alisema Chiduo, na kweli uso wake ulionyesha limempendeza. "Lakini nani alitamke? Atakayelitamka wa kwanza atakuwa amesema lipo."

Singano aliguna. Aliona kichwa chake kinazunguka kama gurudumu lililolegea spoki. "Kwa hiyo ninyi na Pembetatu hamshirikiani."

Hapo Chiduo alisimama. Kwa mara ya kwanza alionekana ameumia. "Hatushirikiani? Njoo uone."

Alimpeleka chumba cha nyuma. Juu ya mizani ya kupimia magunia palikuwa na faili moja kubwa kama godoro la mtoto, limefungwa kwa kamba. "Barua za ushirikiano," alisema Chiduo kwa sauti ya msikitini. "Za kutakiana heri, za kupongezana, za kupokea pongezi, za kushukuru kwa kupokelewa pongezi. Kila mwisho wa mwaka tunapima mbele ya wananchi. Mwaka huu tumefika kilo arobaini na mbili. Hakuna halmashauri mbili nchini zinazotufikia."

"Kuna barua hata moja ya shimo?"

"Bwana Singano! Hizi ni barua za ushirikiano."

Singano akatoka. Akapita ukingoni kiubavu, akaenda ofisi ya Pembetatu. Huko alimkuta Mwenyekiti mwenyewe, Bi Rukonge, mama mnene mwenye miwani, na alipomsimulia habari za Mbwana, Bi Rukonge alilia machozi ya kweli. Akafuta miwani. Akasema kitanda cha Mbwana tangu Ijumaa kimetandikwa, shuka jipya, na nesi hukitazama kila saa. Akasema halmashauri yake, kwa kuwajali wagonjwa, imeamua kuibandua njia yote ya bluu iendayo hospitali na kuweka nyingine nzuri zaidi.

"Iliyopo ina ubaya gani?" aliuliza Singano.

"Haina."

"Mmeibandua mara ngapi?"

"Kila mwaka, baba. Ndiyo matunzo."

"Na shimo?"

Bi Rukonge alilia tena kidogo. Kisha akasema yaleyale ya Chiduo, neno kwa neno, ila badala ya kuumbua alisema kutia haya. Alimwahidi kwamba leoleo atawaandikia Tulivuni barua ya masikitiko, tena kwa karatasi nene.

"Jibu linachukua siku ngapi?"

"Arobaini. Haraka ni utovu wa adabu."

Singano alirudi akiwa na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo. Njiani aliona kitu ambacho asubuhi hakukitazama: huku na huku, nyuma ya asumini, palikuwa na vilima vya vigae vyekundu na vya bluu, vizima kabisa, vilivyobanduliwa mwaka jana na mwaka juzi na kutupwa. Alisimama akavitazama. Akalitazama shimo. Akarudi kwa dada yake kwa mwendo wa mtu aliyeelewa jambo moja katika siku nzima.

"Toa guta," alimwambia.

Kibibi alimtazama mumewe barazani. Mbwana alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Watatufukuza mji," alisema Kibibi.

"Wakitufukuza tutapitia wapi? Kuna shimo."

Mbwana alicheka, kicheko kikamgeuka kikohozi. Kibibi akavua viatu, akatoa guta.

Walianza saa saba mchana. Singano alipakia, Kibibi aliendesha, wote wawili wakamwaga. Vigae vya kwanza vilimezwa na tope kama sukari kwenye chai. Watu waliokuwa kwenye foleni ya ukingoni waliwaona, wakatazama mbinguni. Mzee mmoja alimsalimu Singano kwa adabu zote, akamuuliza kama anatafuta kitu alichoangusha.

"Ninafukia shimo," alisema Singano.

Foleni nzima ilishtuka kama aliyevuliwa nguo sokoni. Mzee aliondoka upesi. Lakini baada ya muda alirudi, ameshika kigae kimoja chini ya kwapa. Alipofika ukingoni, kigae kikaanguka shimoni.

"Samahani sana," alisema mzee. "Kimeniponyoka."

Nyuma yake akaja mama mwenye kapu la mihogo, na ndani ya kapu, chini ya mihogo, mlikuwa na vigae sita. Kapu likapinda. "Aa, mikono yangu leo!" alisema. Akafuata muuza maziwa, akafuata mwalimu wa madrasa na kitambaa kilichojaa kokoto. Kufika alasiri watu wa Tulivuni na watu wa Pembetatu walikuwa wanaponyokwa na vitu kutoka pande zote mbili, wakiombana radhi kwa sauti za huzuni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafukia shimo. Singano aliacha kuuliza. Alishindilia kwa gogo. Magharibi ilipoadhiniwa palikuwa na njia ya upana wa guta, nyekundu kwa bluu, kutoka ng'ambo hii hadi ile.

* * *

Jumanne saa mbili asubuhi walivuka. Guta lilitikisika kidogo tu. Kitandani nesi alimuunganisha Mbwana na mashine, kisha akatoka nje, na Singano akamwona dirishani akijifuta uso kwa aproni.

Mashine ilichukua saa nne. Katika saa hizo nne mji ulipinduka.

Tulivuni waliamka wakaona njia imevuka mpaka, wakajua Pembetatu wamewavamia. Pembetatu waliamka wakaona hivyohivyo, wakajua Tulivuni wamewavamia. Barua ziliandikwa kwa haraka ambayo haijapata kuonekana. Moja ilijibiwa siku ileile. Mwishowe Mwenyekiti wa Tulivuni, Bwana Ndimbo, mtu mrefu mwenye sauti ya zumari, alitoka mwenyewe mpaka mpakani, na upande wa pili akatoka Bi Rukonge mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Walisalimiana robo saa. Kisha kila mmoja akaapa kwamba si yeye. Walipogundua kwamba hakuna aliyemvamia mwenzake, ni mgeni tu kutoka nchi isiyo na adabu, walipeana mikono, na watu wakapiga vigelegele.

Ndipo wakakubaliana, kwa dakika tano, jambo kubwa kuliko yote yaliyopata kukubaliwa baina yao: kulirudisha shimo kwa pamoja.

Guta lilipotokea likitoka hospitali, adhuhuri, Kibibi akiendesha, Singano akisukuma nyuma na Mbwana amelala juu ya mto, walikuta bendi inapiga. Majembe ya Tulivuni yalikuwa yamefungwa utepe mwekundu, ya Pembetatu utepe wa bluu. Wachimbaji walichimba kwa mpigo mmoja, wakiimba. Singano hakuwahi kuona watu wanafanya kazi vizuri namna ile. Walikwishafika magotini.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunashirikiana!" alisema Chiduo. Jasho lilimtiririka, na uso wake ulikuwa wa bwana harusi.

Bwana Ndimbo aliletewa mgeni. Singano alijiandaa kufungwa. Badala yake Mwenyekiti alimshika mikono yote miwili. "Bwana Singano, umefanya kosa baya sana, na tunakushukuru. Pasipo wewe tusingekutana. Leteni kiti!"

"Sitaki kiti. Nina mgonjwa, nataka kupita kwenda nyumbani."

"Utapita. Ukingo upo."

"Halafu Ijumaa?"

Ndimbo alitazama mbinguni.

Singano alitazama lile shimo, akamtazama shemeji yake juani. Hakuwa na ujanja wowote kichwani. Alichotaka kujua ni kitu kimoja cha kifundi, kama magurudumu yatapita au hayatapita, kwa hiyo aliuliza kama ambavyo angeuliza kipimo cha spoki.

"Mnachimba mpaka kina gani?"

"Mpaka lilivyokuwa," alisema Ndimbo.

"Lilikuwa kina gani?"

Majembe yakasimama. Bendi nayo ikakosa pumzi. Ndimbo alimtazama Chiduo, Chiduo akapekua karatasi zake, na Bi Rukonge akavua miwani. Hakuna aliyepata kulipima. Ungelipimaje kitu ambacho hujakiona?

"Lilikuwa la kiuno," alisema mchimbaji mmoja.

"Kiuno cha nani?" aliuliza Bi Rukonge kwa upole. "Bwana Ndimbo ni mrefu kuliko mimi. Tukitumia kiuno chake, upande wetu utakuwa umetuzidi. Tukitumia changu, ninyi mtaonekana mmebaniwa."

"Haiwezekani tukuzidi, mama," alisema Ndimbo kwa haraka. "Tutumie chako."

"Na mimi siwezi kukubana, baba. Basi tushuke, tuseme paja."

"Paja lako au langu?"

Watu wakaguna. Bi Rukonge akageuza uso, na Ndimbo akaomba radhi mara saba. Wakaliacha paja.

"Goti," alisema Chiduo.

"Goti tumeshafika," alisema Ndimbo, "lakini nataka niseme wazi mbele ya umma: Tulivuni haiwezi kumlazimisha jirani awe na shimo la goti kama moyo wake unataka dogo."

"Na Pembetatu haiwezi kutaka kubwa kuliko jirani," alisema Bi Rukonge. "Tuseme kifundo cha mguu."

"Mama, unatutukuza mno. Punguza tena."

"Punguzeni ninyi kwanza."

"Wageni hawatangulii wenyeji."

"Hapa mwenyeji ni nani?"

Swali hilo liliwachukua muda mrefu. Jua lilizidi kuchoma. Kivuli cha ukuta wa kiwanda hakikulifikia guta, na Mbwana, aliyetoka mashineni amechoka kama nguo iliyokamuliwa, alianza kuinamisha kichwa. Kibibi aliliacha guta. Alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya wale wenyeviti wawili, mikono imejaa vumbi la vigae, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nchi ile alisema kwa sauti ya kwao.

"Mimi nina mume mmoja," alisema. "Yuko pale juani. Chimbeni, fukieni, pimeni kwa viuno vyenu au vya babu zenu, sijali. Ila mtaje kipimo, nijue kama Ijumaa ninampeleka hospitali au ninamchagulia pa kulala. Kipimo tu. Kitajeni!"

Kwa Staha maneno yale yalikuwa mabaya kuliko honi. Machozi ya Bi Rukonge yalitiririka bila kufutwa. Kisha mama yule akainua mkono wake taratibu, akanyoosha kidole cha shahada, akakilaza ubapa hewani.

"Upana wa kidole," alisema.

Ndimbo alikitazama. Akanyoosha cha kwake, akakilaza kando. Vilikaribia kulingana. "Upana wa kidole," alisema.

"Mbona msiseme sifuri?" aliuliza Singano, ambaye aliona amebakiza hatua moja kuelewa.

Wote wawili walimgeukia kwa huruma. "Sifuri haiwezekani, baba," alisema Bi Rukonge. "Sifuri ni barabara. Barabara ni uvamizi."

"Upana wa kidole ni shimo," alisema Ndimbo. "Shimo ni staha."

Bendi ikaanza tena. Wale wachimbaji waligeuza majembe, wakaanza kurudisha kifusi kwa mpigo uleule na wimbo uleule. Sita kati yao walilibeba guta na Mbwana juu yake, wakalivusha begani kama bi harusi, kwa sababu sasa palikuwa na azimio.

* * *

Singano alikaa mpaka Ijumaa. Siku mbili hizo alikwenda mpakani kila asubuhi kutazama, na kila asubuhi alirudi amechanganyikiwa zaidi. Palikuwa na Kamati ya Pamoja ya Shimo, wajumbe watatu kila upande. Palikuwa na faili jipya. Shimo lilipakwa lami na kushindiliwa, kisha fundi akapita na rula kuhakikisha halizidi upana wa kidole wala halipungui. Kijani kilikubaliwa kiwe rangi yake, kwa kuwa si nyekundu wala bluu. Lilifagiliwa asubuhi na Tulivuni, jioni na Pembetatu. Kibao kiliwekwa: SHIMO. HUTUNZWA KWA USHIRIKIANO. Zile njia mbili zilizotunzwa miaka yote hazikuwahi kutunzwa kama lilivyotunzwa shimo lile. Halmashauri nyingine zilituma wajumbe kuja kujifunza, na vile vivuko vinne vingine vikaomba mashimo kama hilo.

Alimuuliza Chiduo kama wanajua walichofanya. Chiduo alisema ndiyo, wamelinda staha. Alimuuliza dada yake kama wameshinda. Kibibi alikuwa anapuliza moto jikoni, akasema kama ana nguvu za kuuliza, ana nguvu za kuchota maji.

Ijumaa saa mbili kasoro robo waliondoka, Singano kwenye pedali, Kibibi kando ya mumewe. Ilikuwa njia nyekundu, asumini, vibao. Walipoukaribia ukuta wa kiwanda cha sabuni, Mbwana alifumba macho, akaushika ukingo wa guta kwa mikono miwili na kukaza meno, akingojea mtikisiko. Mpakani walisimama Chiduo na afisa mwenzake wa Pembetatu, kila mmoja upande wake, mikono vifuani.

"Poleni sana na shimo," walisema kwa pamoja, na sauti zao zilikuwa na huzuni ya kweli.

Singano alitazama chini, kulia na kushoto, akitafuta la kupewa pole. Aliona kijani. Alifungua mdomo kuuliza.

"Itikia," alisema Kibibi, "halafu kanyaga."

"Tumeshapoa," alisema Singano, akakanyaga.

Bluu ikaanza. Walikwenda mwendo mrefu, mpaka mabati ya hospitali yakaonekana juu ya miti, na Mbwana alikuwa bado ameshikilia guta na macho ameyafumba.

"Shimo bado?" aliuliza.

"Tumeshalipita, mume wangu," alisema Kibibi. "Achia mikono."